Hivi mnaosikia pasheni, tumbaku na pilipili manga kwenye mvinyo, mnasikia kweli au mnatupiga kamba?

#1 Bitozi wa Mbezi
Wakuu, habari za mchana.

Wiki iliyopita ofisi ilitupeleka kuonja mvinyo kwenye hoteli moja hapa Dar. Meza imejaa glasi, nyeupe upande huu, nyekundu upande ule, na ndoo ya kutemea katikati. Jamaa anayeongoza anazungusha glasi, anazamisha pua yote, anafumba macho: "Hapa nasikia pasheni, majani mabichi, na hoho kwa mbaaali." Tukahamia nyekundu: "Ngozi, tumbaku, pilipili manga." Watu wote wanatikisa vichwa. Dada wa uhasibu akadakia, "Na vanila." Nikatikisa kichwa na mimi.

Ukweli wa Mungu, mimi nilisikia mvinyo. Ule mweupe ulikuwa mchachu, mwekundu ukanikausha ulimi. Basi.

Naomba kueleweshwa: hizo harufu zipo, au watu wanaogopa kuonekana washamba? Na kama zipo, wanatia matunda? Maana chupa imeandikwa zabibu tu.

#2 Kizibo
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Wataalamu njooni.

#3 Mama Mdogo
Kamba tupu. Kule Ufaransa waliwahi kuwapa mabingwa wao mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, wakausifia kama mwekundu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kesi ikafungwa siku ile.

#4 Fundi Maabara
#3 umeibeba nusu yake, mama. Jaribio lilifanyika Bordeaux, likachapishwa 2001. Washiriki walikuwa 54, na ni wanafunzi wa fani ya mvinyo, si mabingwa. Wala hakuna aliyewauliza "huu mwekundu au mweupe?" Walipewa glasi mbili za mvinyo mmoja mweupe, moja ikiwa imetiwa rangi isiyo na harufu, wakaambiwa wagawe maneno ya harufu kati ya hizo mbili. Maneno ya mwekundu yakaenda kwenye glasi yenye rangi. Hapo tumejua kwamba jicho linaiburuza pua. Hatujajua kwamba harufu ni za kutunga.

Harufu zipo na mashine inazipima. Hakuna anayetia tunda. Zabibu, hamira na pipa vinatoa kemikali ambazo ndizo hizohizo zilizomo kwenye vitu vingine unavyovijua. Ile hoho ya mvinyo wa zabibu aina ya Sauvignon Blanc na Cabernet ni kemikali ya pirazini, na ndiyo inayoipa hoho yenyewe harufu yake. Zabibu zikiiva vizuri juani inapungua, ndiyo maana mvinyo wa zabibu zilizowahi kuchumwa unanuka kachumbari. Ile ya pasheni ni kemikali yenye salfa ambayo imo kwenye pasheni pia. Ndani ya zabibu imefungwa, huisikii, hamira ndiyo inayoifungua wakati wa kuchacha. Pilipili manga ya Syrah, aina ya zabibu nyekundu, inaitwa rotundoni, Waaustralia waliitambua kwenye mvinyo mwaka 2008, na ndiyo iliyomo kwenye pilipili manga unayotia kwenye pilau.

Vanila inatoka kwenye mbao za mwaloni zinazotengenezea pipa. Dada wa uhasibu msimcheke.

#5 Baba Junior Tabata
Salfa? Si ndiyo ile tunayopuliza kwenye mikorosho kule kwetu Masasi? Kwa hiyo nakunywa dawa ya korosho?

#6 Mzabibu wa Mpunguzi
Baba Junior, hata huku Dodoma tunaipuliza, adui ni yuleyule, ugonjwa wa ubwiri unga. Lakini anachosema Fundi ni kitu kingine, hiyo inajitengeneza yenyewe ndani ya tunda, haitoki kwenye bomba la mgongoni.

Nimefurahi uzi huu. Mimi nalima, babu yangu alianza kuona zabibu kwa mapadri wa Bihawana, enzi hizo mvinyo ni wa misa. Sasa niwaambie jambo ambalo wanywaji wa mjini hawalizingatii. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hatuna baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Ukiupogoa tu, unaamka. Kuna mavuno ya mwezi wa pili na wa tatu, mvua ipo, na kuna ya mwezi wa nane na wa tisa, kukavu. Shamba moja, mbegu moja, Makutupora nyekundu, lakini onja zabibu zenyewe uone. Za masika zina maji, na ukichelewa kidogo zinaoza kwenye kichala. Za kiangazi zina sukari mpaka vidole vinanata. Sasa huyo mtaalamu wa hoteli akisema "mvinyo wa Dodoma una ladha hii", mwulize wa mwezi gani.

#7 Nusanusa
Nafanya kazi ya kuhudumia mvinyo kwenye loji, upande wa Arusha. Wageni wangu wengi wanatoka nje na hao hao wanaosema "blackberry", kitunda cheusi cha kwao, ukiwabana nusu yao hawajaisikia, wameisoma nyuma ya chupa. Hilo Mama Mdogo yuko sahihi.

Ila pua inafundishika. Mwaka 1984 mwanamama wa Chuo Kikuu cha California pale Davis, Ann Noble, alichora gurudumu la harufu: katikati maneno ya jumla kama matunda, maua, viungo, mbao, udongo, halafu unatoka nje kwenda kwenye kitu mahususi. Alisisitiza ufanye mazoezi kwa vitu halisi. Mimi nilifundishwa hivi: chukua waini nyeupe ya bei ya chini isiyo na harufu kali, gawa kwenye glasi. Moja tumbukiza kijipande cha hoho, nyingine tone la juisi ya pasheni, nyingine punje za pilipili manga zilizopondwa, nyingine kipande cha ndizi mbivu. Funika na sahani, subiri robo saa, nusa moja baada ya nyingine. Ukirudi kwenye glasi ya kawaida utaanza kugundua. Usianze na maneno makubwa. Anza na "tunda au siyo tunda?" Kama tunda, bichi, bivu au limekaushwa? Inatosha.

#8 Mama Mdogo
Kwa hiyo mnamfundisha mtu kwanza cha kusikia, halafu mnashangaa anakisikia. Huo si ushahidi, ni uganga.

#9 Kizibo
😂😂 Mama Mdogo hapoi.

#10 Mzenji wa Udi
Assalaam aleykum. Mie mvinyo situmii na sitotumia, lakini mambo ya pua ndiyo kazi yangu, nauza udi na mafuta, duka la marehemu baba. Nijibu #8.

Mtu akija dukani mara ya kwanza, udi wote kwake ni "udi". Nikimchomea vipande viwili, huu na huu, akavinusa kwa pamoja, mara moja anakwambia hivi si sawa, ijapokuwa hajui aseme nini. Tafauti ameisikia kabla sijampa neno. Neno nampa baadaye: huu mtamu, huu una ngozi, huu una harufu ya zizi. Akirudi mwezi unaofuata ananambia yeye mwenyewe, "Leo huu una zizi kidogo." Sijamroga. Basi nadhani na nyie fanyeni hivyo hivyo, msinuse glasi moja mkajiuliza ina nini. Nuseni mbili.

Na mkinusa sana pua inachoka, ni ada yake. Wengi hunusa mbegu za kahawa, mie hunusa mkono wangu wa kanzu, naona ndiyo inarudi.

#11 Nusanusa
Sheikh umemaliza. Wapo na waonjaji wa waini kwetu wanaonusa mkono wa shati.

#12 Mtanganyika Ughaibuni
Niko Ujerumani, karibu na mto Mosel, milima yote huku ni mizabibu. Kuna mvinyo mweupe unaitwa Riesling, ukikaa chupani miaka kadhaa unaanza kunuka MAFUTA YA TAA. Sitanii. Mara ya kwanza nilidhani mwenyeji wangu amekosea chupa. Wenyewe wanasifia, wazee hapa wanakaa kibarazani wananusa kibatari na kutabasamu. Sasa hiyo mtu hawezi kuniambia nimefundishwa, hakuna aliyenitahadharisha.

#13 Fundi Maabara
#12 ni kemikali inayoitwa TDN kwa kifupi. Inaongezeka mvinyo ukizeeka, na zabibu zilizopigwa sana na jua zinakuwa nayo zaidi.

#14 Baba Junior Tabata
Pasheni, mafuta ya taa, zizi. Na mimi niliwahi kusoma kwamba Sauvignon Blanc ina kojo la paka. Jamani hii kitu mnainywa ya nini?

#15 Nusanusa
Kojo la paka lipo pia 😀 ni ndugu wa ile ya pasheni, zote za salfa. Ikiwa kidogo ni majani mabichi, ikizidi ni paka. Hata wenyewe wanaandika hivyo kwenye maelezo, bila aibu.

#16 Dada wa Tanga
Mimi hoja yangu kwa hawa viongozi wa kuonja. Unamleta mtu wa Mkanyageni unamwambia asikie blackberry, atalisikia wapi tunda ambalo hajawahi kulitia mdomoni? Hapa tuna zambarau. Waini nyekundu kavu, chukua yoyote ya Afrika Kusini isiyo na sukari, weka pembeni zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka, uone kama hujacheka. Rangi kwenye ulimi ileile, uchachu uleule, na ule ukakasi unaobaki kwenye ufizi uleule. Ukakasi ukizidi mimi nasema bibo, kwa sababu bibo bichi linakamata koo hivyo hivyo. Nyeupe tamu nasema fenesi. Chenin Blanc ya Dodoma niliyokunywa Pasaka, nilisikia ndimu na pera lililoiva njano, ile harufu ya mapera yaliyowekwa chumbani na mlango umefungwa.

#17 Bitozi wa Mbezi
Dada wa Tanga, wewe ndiye ungeongoza ile hoteli. Hapo kwenye zambarau nimekuelewa kabla hujamaliza sentensi. Lakini ukakasi si harufu, au?

#18 Fundi Maabara
Si harufu wala si ladha kama chumvi na sukari. Ni mguso. Tanini, yaani kemikali za ukakasi zilizomo kwenye maganda, mbegu na mbao, zinashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, ndiyo unasikia ulimi umekuwa mkavu. Ndiyo maana mwekundu unakausha ulimi kuliko mweupe: mwekundu unachachishwa pamoja na maganda, mweupe zabibu zinakamuliwa mapema, maganda yanatupwa.

#19 Ngosha wa Kirumba
Mweupe ni zabibu nyeupe, mwekundu ni zabibu nyekundu. Mbona mnazunguka sana.

#20 Mzabibu wa Mpunguzi
Ngosha, chukua zabibu nyekundu umenye ganda uone ndani. Nyingi nyama yake haina rangi. Ukikamua haraka ukatenga na ganda, unapata mvinyo mweupe kutoka zabibu nyeusi, Wafaransa wanafanya sana kwenye shampeni. Rangi iko kwenye ganda.

#21 Ngosha wa Kirumba
Sawa, lakini kwa macho ya kawaida nyeupe ni nyeupe.

#22 Mama Mdogo
Narudi. Tuache harufu, twende kwenye "huyu ni mvinyo bora". California kulikuwa na mzee mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo, Robert Hodgson, alikuwa pia mtu wa takwimu. Kwenye mashindano ya jimbo lao akapanga majaji wapewe mvinyo uleule mara tatu, chupa moja, bila kujua. Ripoti yake ilitoka 2008. Ni kama jaji mmoja kati ya kumi aliyetoa alama zinazokaribiana. Baadhi yao mvinyo uleule mara dhahabu, mara shaba. Mwaka huohuo wengine wakawapa watu mvinyo wa dola 90 wakaambiwa ni wa dola 10, halafu wakapewa uleule kwa bei yake halisi. Uliotajwa ghali ukapendwa zaidi, na vipimo vya ubongo vikaonyesha raha kweli. Mnaonja bei.

#23 Kizibo
Hapo kwenye bei ndipo ofisi yangu yote iko.

#24 Mtanganyika Ughaibuni
Mama Mdogo, hiyo ya bei hata mimi naikubali, lakini upande wa pili upo. Tarehe 24 Mei 1976, Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwakalisha waonjaji wa Kifaransa, chupa zimefichwa, za Ufaransa na za California zimechanganywa. Waliweka juu nyekundu ya Stag's Leap na nyeupe ya Chateau Montelena, zote za 1973, zote za California. Kama walikuwa wanaonja jina tu wangejikuta wanagawa alama ovyo. Walionja kilichomo na kikawaaibisha.

#25 Mama Mdogo
Au waligawa alama ovyo na California ikabahatika. Mzee Hodgson angekwambia hivyo.

#26 Fundi Maabara
Hapo mnaongea mambo mawili. Kutofautisha ni kitu kimoja, kutoa alama ni kingine. Mzenji ameshasema, mtu anatofautisha vizuri glasi mbili zikiwa pamoja. Kuupa mvinyo namba 87 kisha akumbuke aliupa 87, hapo ndipo wanapoanguka.

Halafu #1, kuna jambo hatujakwambia. Kwenye utafiti wa ile rotundoni, karibu mtu mmoja kati ya watano hakuisikia kabisa hata ilipozidishwa. Wamezaliwa hivyo. Meza moja, glasi moja, wewe husikii pilipili na jirani yako inampalia. Inawezekana kabisa ulichokinusa si alichokinusa.

#27 Bitozi wa Mbezi
Kwa hiyo niseme mimi ni kiwete wa pua?

#28 Baba Junior Tabata
Wa pilipili manga tu. Ya kitimoto unaisikia toka Kinondoni.

#29 Kifaru wa Naivasha
Niaje watu wangu. Kwetu pia tunatengeneza, kuna Leleshwa hapa Naivasha, shamba liko juu na usiku kunakuwa baridi sana. Nikionja Sauvignon yao na ya Afrika Kusini mezani, ya kwetu naisikia nyasi zaidi. Lakini sijui kama ni shamba ama ni uzalendo.

Swali langu ni lingine: mbona nyekundu inanipa kichwa kuuma na nyeupe hainipi? Glasi mbili tu na asubuhi sijiwezi.

#30 Ngosha wa Kirumba
Salfaiti, ile dawa ya kuhifadhi mvinyo usiharibike. Imeandikwa nyuma ya chupa. Ndiyo sumu yenyewe.

#31 Fundi Maabara
Ngosha, ingekuwa salfaiti basi nyeupe ingemuuma zaidi. Sheria za Ulaya zinaruhusu miligramu 150 kwa lita kwenye mwekundu mkavu na 200 kwenye mweupe mkavu. Matunda makavu ya dukani yanaweza kuzidi hapo na hayamuumizi mtu kichwa.

#32 Dada wa Tanga
Mimi daktari aliniambia ni histamini, ile kemikali ya mzio, kwa kuwa nina mzio wa dagaa kamba.

#33 Nusanusa
Mwaka 2023 watu wa Davis walitoa dhana nyingine: kwesetini. Iko kwenye maganda, na zabibu zilizopigwa jua zinakuwa nayo nyingi. Ikishaingia mwilini inazuia kimeng'enya kinachosafisha mabaki ya pombe, mabaki yanajikusanya, kichwa kinagonga. Ni majaribio ya maabara, walikuwa bado hawajawapima watu.

#34 Mzabibu wa Mpunguzi
Kama ni jua, basi Dodoma nzima tungekuwa tunalala na vichwa vimefungwa kanga. Mimi nakunywa ya kwetu sijui kichwa.

#35 Mama Mdogo
Kifaru kunywa maji. Glasi yako ina ujazo gani kwanza? Kuna "glasi mbili" za watu ninazozijua, chupa inabaki na kizibo.

#36 Kifaru wa Naivasha
Ni glasi kubwa kidogo 🙈

#37 Nusanusa
Lingine linaloharibu ladha huku kwetu kuliko yote ni joto. Watu wamesoma "nyekundu inywewe joto la chumba". Chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16, 17, 18. Sebule ya Tabata mwezi wa kwanza ina nyuzi 31. Ukimimina hapo, unachonusa ni spiriti, zambarau zote zimezama. Iingize kwenye friji nusu saa kabla. Nyeupe kinyume chake, mnaitoa karibu barafu halafu mnasema haina harufu. Itoe, iache mezani dakika kumi.

Na yale machozi yanayoshuka kwenye glasi, jamaa wa hoteli lazima aliwaonyesha akasema ni ubora. Ni pombe inapokauka tu. Pombe nyingi, machozi mengi.

#38 Baba Junior Tabata
Mimi nyekundu natia barafu na soda. Nisameheni.

#39 Dada wa Tanga
Hatukusamehe lakini karibu.

#40 Bitozi wa Mbezi
Mrejesho. Jumapili nyumbani niliwafunga macho kwa kitenge mdogo wangu, shemeji na mama mkwe. Vikombe vya chai vyeusi, nyeupe na nyekundu, nasema "taja ipi". Mdogo wangu, mnywaji mzoefu, kakosea na kubisha juu. Shemeji kapatia, kakosea, kapatia. Mama mkwe hanywi kabisa, aligusisha ulimi tu akatema, na hakukosea hata mara moja. Anasema, "Hii inakamata, hii haikamati."

#41 Mama Mdogo
Mama mkwe apewe kazi ile hotelini.

#42 Fundi Maabara
Zote zilikuwa na ubaridi sawa?

#43 Bitozi wa Mbezi
Nyeupe ilitoka kwenye friji.

#44 Fundi Maabara
Basi hujui kama alionja tanini au alionja friji. Rudia, zote ziwe sawa.

#45 Bitozi wa Mbezi
Anasema harudii, labda nimpeleke kwao Kondoa kwanza.

#46 Mzabibu wa Mpunguzi
Kondoa njia ni hii hii. Mje mwezi wa nane, mtakuta tunavuna, mle zabibu za mvinyo zikiwa mtini kabla hamjabishana habari za chupa. Mtaona zina mbegu, ganda gumu, na huyo mama akitafuna mbegu atajua ukakasi unakotoka.

#47 Kizibo
Mimi namo. SGR asubuhi, jioni tumerudi. Kuna anayejua kama behewani wanakubali chupa, au tunywe yote hukohuko?

#48 Mama Mdogo
Mnywe mlale huko. Mtu kama Kizibo hatakiwi kushushwa Morogoro kwa makosa.

#49 Ngosha wa Kirumba
Zabibu nyeupe na zenyewe zipo shambani kwako, mkuu?

#50 Mzabibu wa Mpunguzi
Zipo, mistari ya upande wa barabarani. Chenin. Njoo uzimenye mwenyewe.